Pumzi ya Bahari

Leo nataka tuongee habari za barafu na bahari. Najua mmoja wenu atasema: «Barafu yatuhusu nini sisi watu wa jua?» Ngoja kidogo, ndugu. Hata sisi tuna barafu. Kule Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kilele cha Margherita kina mita 5,109, na barafu imelala juu yake karibu kabisa na ikweta. Mwaka 1906 Luigi Amedeo wa Savoia, mtu wa ukoo wa wafalme wa Italia, alipanda mpaka juu na kuichora ramani milima ile. Tangu siku zile barafu ya Ruwenzori imeyeyuka sana. Imebaki sehemu ndogo tu.

Lakini barafu ya Ruwenzori ni kama tone ukiilinganisha na ile ya Antaktika, nchi ya ncha ya kusini ya dunia. Nchi ile ni kubwa kama Kongo yetu mara 6, na karibu yote imefunikwa na barafu. Habari za huko ndizo ninazotaka kuwaeleza, na sababu yake ni hii.

Mimi nimefundisha watoto wa shule kwa miaka mingi kando ya ziwa Tanganika. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, kama yalivyopanda mwaka 2021, yakaingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie, hata ng'ambo huko Bujumbura. Siku zile nilisikia maneno mengi. Wengine walisema: «Ni uchawi.» Wengine: «Ni mwisho wa dunia.» Na kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, aliniambia: «Mwalimu, nimesikia kwenye redio barafu ya kusini inayeyuka. Maji yake ndiyo haya, yametufikia.»

Nilimjibu kwamba haiwezekani. Tanganika iko mita zaidi ya 770 juu ya bahari, na maji ya bahari hayawezi kupanda mlima. Ziwa linajaa kwa mvua na kwa mito yake, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua ikizidi kupita uwezo wa mlango ule, maji yatapanda. Lakini swali la kijana lilinikaa moyoni, maana alikuwa ametafuta sababu, hakumtafuta mchawi. Mtu wa namna hiyo anastahili kupewa jibu zima.

Nyumba na baraza yake

Fikiri nyumba kubwa yenye baraza. Nyumba imesimama juu ya kiwanja, na baraza imetoka nje mbele ya mlango. Ndivyo ilivyo barafu ya Antaktika. Theluji huanguka kule mwaka kwa mwaka, wala haiyeyuki. Ya mwaka huu huigandamiza ya mwaka jana, mpaka yote inakuwa kama jiwe moja. Unene wake kwa wastani ni kilometa 2 hivi, na mahali pengine hupita kilometa 4. Lakini barafu hiyo hailali. Uzito wake mwenyewe unaisukuma, nayo inatambaa polepole kuelekea baharini, kama uji mzito uliomwagika mezani.

Ikifika baharini haivunjiki mara moja. Huendelea mbele ikielea juu ya maji, huku bado imeshikamana na ile ya nchi kavu. Sehemu hiyo inayoelea ndiyo ninayoiita baraza ya barafu. Kubwa kupita zote iko katika Bahari ya Ross, na nahodha Mwingereza James Clark Ross aliiona mwaka 1841. Ukubwa wake unakaribia nchi ya Ufaransa, na unene wake ni mita mamia.

Sasa fanya jaribio dogo. Tia maji katika glasi, weka kipande cha barafu, kisha piga alama pale maji yanapofika. Ngoja barafu iyeyuke. Utaona maji hayakupita alama. Kumbe barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi maji. Basi utaniuliza: kama ni hivyo, baraza ikiyeyuka kuna hasara gani?

Hasara iko hapa. Baraza ile inaegemea kuta za ghuba, na visiwa, na miamba iliyo chini ya maji. Kwa sababu hiyo inaizuia barafu ya nchi kavu isikimbie. Sote tumemwona msaidizi wa dereva akiruka na jiwe mkononi lori linaposimama mlimani. Analiweka nyuma ya gurudumu. Jiwe lenyewe si mzigo, lakini ukiliondoa, lori litashuka pamoja na mizigo na watu wake wote.

Mwaka 2002 ulimwengu uliona jambo hilo waziwazi. Upande wa Antaktika unaoelekea Amerika ya Kusini kulikuwa na baraza iitwayo Larsen B. Ilikuwa imekaa pale miaka kama 10,000. Katika miaka ile joto la kiangazi lilikuwa limezidi, na madimbwi ya maji yakafanyika juu yake. Maji yale yaliingia katika nyufa, na kwa uzito wake yakazipasua mpaka chini. Katika muda wa mwezi mmoja na siku kidogo, barafu yenye ukubwa wa kilometa za mraba 3,250 na unene wa mita 200 hivi ilivunjika ikawa vipande vinavyoelea. Jiwe la gurudumu liliondoka. Na lori likafanya nini? Baadhi ya mito ya barafu iliyokuwa nyuma ya baraza ile iliongeza mwendo, na mwaka 2003 mingine ilikuwa ikienda mara 8 kuliko mwanzo. Barafu hiyo ya nchi kavu, ndiyo inayopandisha bahari.

Merikebu iliyonaswa

Kabla ya kuendelea, inafaa tukumbuke waliotutangulia kwenda kule. Wazee wetu katika shule za wamisionari walifundishwa mambo mengi ya Ubelgiji; habari ya merikebu Belgica nayo yastahili kujulikana. Iliondoka Antwerpen tarehe 16 Agosti 1897, mkubwa wake akiwa Adrien de Gerlache. Mwezi wa Machi 1898, mwaka ule ule reli ya Matadi ilipofika Léopoldville, barafu ya bahari iliikamata merikebu ile kusini ya mbali. Haikutoka tena muda wa mwaka mzima. Watu wale ndio wa kwanza kukaa majira yote ya baridi katika bahari ya Antaktika. Jua liliwapotea zaidi ya miezi miwili. Mwenzao Emile Danco alifia humo mwezi wa Juni. Wengine waliugua vibaya kwa kukosa vyakula vibichi, wakapata nafuu walipokubali kula nyama ya sili, mnyama wa baharini, na ya pengwini, ndege asiyeruka. Mwisho walikata njia katika barafu kwa misumeno, wakatoka mwezi wa Machi 1899.

Katika taabu ile hawakuacha kazi. Walipima upepo, joto na vilindi vya bahari. Waliona kwamba merikebu yao haikukaa mahali pamoja: barafu iliyoishika ilikuwa ikisafiri, ikichukuliwa na pepo na maji. Miaka 60 baadaye, mwaka 1958, Gaston de Gerlache, mtoto wa Adrien, alirudi kule akajenga kituo kilichopewa jina la Mfalme Baudouin, yule ambaye Wakongo walimwita Bwana Kitoko. Kituo kilijengwa juu ya baraza ya barafu yenyewe, na theluji ikakizika polepole.

Katika watu wa Belgica alikuwamo kijana wa Norwei, jina lake Roald Amundsen. Tarehe 14 Desemba 1911 yeye na wenzake walifika kwenye ncha ya kusini, wa kwanza katika wanadamu. Bahari moja ya Antaktika inaitwa kwa jina lake. Huko ndiko tunakokwenda sasa, maana ndiko kwenye hatari kubwa.

Mchwa wa chini

Katika Bahari ya Amundsen unashuka mto wa barafu uitwao Thwaites. Upana wake pale unapoingia baharini ni kama kilometa 120. Barafu yake yote ikiingia majini, bahari za dunia nzima zitapanda kwa sentimeta 65 hivi. Jambo hilo si la kesho wala la mwaka ujao. Ni la miaka mingi sana. Lakini limekwisha kuanza.

Nani anayeila barafu ya Thwaites? Hewa ya kule ni baridi kali, basi si jua. Mlaji yuko chini. Antaktika imezungukwa na mkondo wa bahari wenye nguvu kupita mikondo yote ya dunia. Mto wetu wa Kongo humwaga baharini maji kama mita za ujazo 41,000 kila sekunde, nao kwa wingi wa maji unashindwa na mto mmoja tu, Amazon. Mkondo ule wa kusini unapitisha maji zaidi ya mara 3,000 ya mto Kongo. Chini ndani yake mna maji yenye joto la digrii 1 hivi juu ya sifuri. Labda utacheka: digrii 1 nayo ni joto? Kwetu ni baridi ya kuua. Lakini maji ya chumvi huganda karibu digrii 2 chini ya sifuri, kwa hiyo kwa barafu maji yale ni ya moto.

Pepo zikivuma kwa namna fulani, maji yale husukumwa yakapanda ukingo wa bara na kuingia katika mabonde ya chini ya bahari, ambayo barafu yenyewe iliyachimba siku za kale. Huyafuata mabonde hayo mpaka chini ya baraza, na hapo huanza kula. Umepata kuona nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa? Kwa nje ni nzima. Ukiigonga, inalia tupu. Mtu akiegemea siku moja, paa linashuka. Ndivyo baraza za Bahari ya Amundsen zinavyoliwa. Tena ubaya mwingine ni kwamba ardhi chini ya barafu ya Thwaites iko chini kuliko bahari, na kadiri unavyoingia ndani inazidi kushuka. Kwa hiyo kila barafu inaporudi nyuma, maji hukuta mahali penye kina zaidi pa kuila.

Mwezi wa Januari 2020 wataalamu walitoboa barafu ile kwa maji ya moto, shimo la karibu mita 600, wakateremsha chombo chembamba chenye mashine za kupimia na kupiga picha, kiitwacho Icefin. Kilikwenda mpaka pale barafu inapoacha nchi na kuanza kuelea. Waliona jambo la ajabu. Mahali ambapo barafu ni sawasawa kwa chini, inayeyuka polepole kuliko walivyodhani, kwa sababu maji baridi yaliyoyeyuka hukaa kati yake na maji ya joto kama kifuniko. Bali mahali penye nyufa, inaliwa upesi mno. Wahenga hawakuijua Thwaites, lakini walijua tabia ya ufa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maji mazito na maji mepesi

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mtu wa Tanganika atalielewa upesi kuliko mtu wa Ulaya. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, naye alijua kwamba samaki wako upande wa juu tu. Wenye elimu walipima wakaeleza sababu: ukishuka kupita mita 200 hivi, hakuna tena oksijeni, hewa ambayo samaki wanaivuta. Sehemu kubwa kabisa ya ziwa ni maji yasiyo na samaki hata mmoja. Kwa nini? Maji ya juu ni ya joto, kwa hiyo ni mepesi. Ya chini ni baridi kidogo, kwa hiyo ni mazito. Mepesi hukaa juu ya mazito kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki vema.

Kusi ikivuma wakati wa kiangazi, husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda kidogo. Kwa mchanganyiko huo mdogo ndagala wanapata kula, na sisi tunakula ndagala. Lakini joto la dunia limezidisha wepesi wa maji ya juu, na mchanganyiko umepungua. Mwaka 2003 wataalamu walikadiri kwamba vimea vidogo vya majini, ambavyo ni mwanzo wa chakula cha samaki, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 20 hivi. Nyavu zetu pia zimezidi, na matundu yake yamekuwa madogo. Hilo ni kosa letu wenyewe. Lakini ziwa nalo linavuta pumzi kwa shida.

Bahari kuu ni tofauti. Ina mahali penye kina cha mita 4,000 na 5,000, na bado oksijeni inafika mpaka chini, na viumbe wa Mungu wanaishi humo katika giza. Nani anaipeleka? Ni baridi ya Antaktika. Maji ya bahari yanapoganda, barafu haichukui chumvi yote. Sehemu kubwa hubaki katika maji. Maji hayo, baridi mno na yenye chumvi nyingi, huwa mazito kupita yote. Basi huzama mpaka sakafuni mwa bahari yakichukua oksijeni ya juu. Kisha hutambaa chini kuelekea kaskazini, yakavuka hata ikweta, safari ya miaka mamia. Hiyo ndiyo pumzi ya bahari.

Hapo utaona ubaya wa pili wa kuyeyuka kwa baraza. Barafu iliyotoka nchi kavu ni theluji ya kale; haina chumvi. Ikiyeyuka, maji yake ni mepesi. Huyapunguzia chumvi maji ya bahari yanayoizunguka, nayo hayapati uzito wa kuzama. Mwaka 2023 wataalamu wa Australia walitoa hesabu: moshi wa viwanda ukiendelea kwa wingi, mwendo huo wa maji kuzama kandokando ya Antaktika unaweza kupungua kwa asilimia 40 na zaidi kufika mwaka 2050. Na maji baridi yakipungua, maji ya joto hupata nafasi zaidi chini ya baraza. Kuyeyuka kunazaa kuyeyuka.

Basi jibu langu kwa kijana yule ni hili. Maji ya Antaktika hayakuingia Uvira. Lakini joto linaloisumbua bahari ile ni joto lile lile linaloibania Tanganika pumzi. Ndugu zetu wa Moanda, ambako Kongo inagusana na bahari, wanaona mawimbi yakila ardhi yao, na tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kwa sentimeta 20 hivi. Maji yamegawanywa majina mengi, lakini joto halisomi ramani.

Tufanye nini?

Joto hili limetoka hasa katika makaa ya mawe, petroli na gesi ambazo nchi za viwanda zimechoma kwa zaidi ya miaka 150. Kongo imechoma kidogo sana. Hapa pana neno la haki, nasi tusione haya kulisema. Marehemu Papa Fransisko alilisema katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alipofundisha kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini kwa jinsi zilivyoitumia dunia. Katika barua ile ile aliutaja msitu wa Kongo pamoja na ule wa Amazon, kwa kuwa dunia nzima inauhitaji.

Lakini mwenye kudai haki na aangalie pia mikono yake. Katika vinamasi vya bonde la Kongo, upande wa Équateur na Mai-Ndombe mpaka ng'ambo ya mto, kuna udongo mweusi wa majani na miti iliyooza nusu tu kwa sababu ya maji. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba umefungia kaboni tani kama bilioni 30. Ukikaushwa au kuchomwa, kaboni hiyo itapanda hewani, na tutakuwa tumetia mkono wetu katika kuyeyusha baraza za kusini. Na miti tunayoikata kwa makaa, je? Mama wa nyumbani hana kosa. Watoto lazima wale. Lakini parokia yenye vijana inaweza kupanda miti, na fundi wa chuma anaweza kutengeneza mbabula isiyokula makaa mengi.

Sitawaficha habari ngumu. Mwaka 2023 wataalamu wa Uingereza walitoa hesabu kwamba maji ya Bahari ya Amundsen yataendelea kupata joto katika karne hii hata watu wakipunguza moshi kwa bidii. Pengine baadhi ya baraza zile hazitaokoka. Je, tukunje mikono? Hapana. Barafu yote ya Antaktika, kama ingeyeyuka, ingepandisha bahari kwa mita 58 hivi. Thwaites ni kipande chake kidogo. Baraza kubwa ya Ross bado imesimama. Bahari bado inavuta pumzi. Tabibu aliyeshindwa kuuokoa mguu wa mgonjwa hauachi mwili ufe.

Katika Kitabu cha Yobu, Mungu anamwuliza mtumishi wake habari za milango ya bahari, na barafu ilizaliwa wapi, naye Yobu hana la kujibu. Sisi tumejaliwa kuteremsha taa chini ya barafu na kuona machache ambayo Yobu hakuyaona. Ujuzi huo si wa kujivunia. Mlinzi aliyepewa taa hawezi kujitetea kwamba usiku ulikuwa na giza. Basi walimu tuwafundishe watoto mambo haya bila kuwatia hofu. Wazazi, msimcheke mtoto anayeuliza sababu. Nasi sote tumwombe Muumba atupe moyo wa kulinda alichokiumba, kilicho karibu nasi na kilicho mbali.